Mafuta Yaliyoisha Kwanza

Juzi mjukuu wangu, akifanya hesabu za kemia hapa Voi, aliniambia, "Nyanya, kati ya vitu unavyochanganya, kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua uzito wa sabuni."

Nikakumbuka utoto wangu kijijini Chawia. Mama alikuwa akipika sabuni kwa maji makali ya jivu na mafuta ya kondoo wetu wa pekee tuliyemchinja, nyumba nzima ikinuka. Shuleni singepokelewa bila kipande cha sabuni. Alipotoka nikaongeza maji ya jivu, nikidhani sabuni itakuwa nyingi. Haikuganda, ikamchubua mikono.

"Mwanangu, mafuta mengine nitoe wapi?" Mama akauliza.

Shule ikafunguliwa, mimi nikachunga mbuzi wa jirani.

"Umeelewa, Nyanya?" mjukuu akaniuliza.

Nikamwambia hesabu hiyo niliikosea mara moja, na sikupewa nafasi nyingine.