Vijiti vya Mzee Ndesario

Mwanangu, iko siku moja sipendi kuikumbuka, ila leo mmenilazimisha. Nasikia mnanong'ona hapa Timbwani, ati jirani yetu wa bara kachomeka kijiti chenye kitambaa mpakani mwa shamba lake, na mmekwisha amua ni fingo, dawa ya kichawi ya kuzikwa ili kudhuru watu. Kaa hapa kidogo. Mimi nami niliwahi kulijua fingo kwa kulitazama tu.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa Changamwe. Bwana yule alitaka kuupanda Kilimanjaro kabla likizo yake haijaisha, akanichukua, mtoto wa Likoni nisiyejua baridi ila ya mvua ya Juni. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Ndesario, Mchaga, mtu wa maneno machache. Nasi watu wa pwani, asiyesema tunamshuku kwanza. Hata chai yake nilikuwa nainusa kabla sijainywa.

Asubuhi ya kutoka kibanda cha juu cha wapanda mlima, wingu lilikuwa limeumeza mlima. Mzee akashauri tungoje siku mbili. Bwana akakataa, treni haimngoji mtu, alisema, tutafika kileleni na kurudi leo leo. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Mzee akabeba furushi la vijiti vilivyofungwa maganda makavu ya mgomba, akatangulia. Bwana akamfuata, nami nikawa wa mwisho na mkoba wa chakula.

Basi kila penye kona mzee akachomeka kijiti, akanong'ona neno kwa kikwao. Vitano vya mwanzo nilivipita. Cha sita nikasimama nikakitazama. Kijiti kimefungwa kitu, kikanong'onewa, kwetu hicho ni nini kama si fingo? Nikawaza, mzee huyu hakutaka tupande, sasa anatufunga tusishuke. Tangu hapo kila alichochomeka niliking'oa, nikakitupa bondeni. Na nikajiona mjanja, wallahi.

Theluji ilitukuta karibu na kilele. Sikuona hata mkono wangu mwenyewe. Bwana ndiye aliyesema turudi. Tulipoteremka kidogo mzee akasimama, akapapasa chini, akihesabu vidoleni kwa mnong'ono ule ule, akaenda mbele, akarudi.

"Vijiti vyangu viko wapi?" akauliza.

Nikatazama pembeni. Ndipo nilipoelewa kwamba vilikuwa alama za njia, theluji ikiifunika. Na ule mnong'ono, kumbe, alikuwa akivihesabu. Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze, na bado sikusema.

Tulitangatanga mpaka jioni. Viatu vyangu vya turubai vikachanika. Mzee akavua buti zake akanivisha, yeye akajifunga miguu kwa gunia. Nilikuwa nikilia na mdomo nimeufumba. Mwisho tukawa tunatambaa, mpaka mkono wake ukagusa kijiti. Kilikuwa kimoja cha vile vitano.

Kibandani tulipofungua gunia, vidole vyake viwili vya mguu vilikuwa vyeusi. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Hakunitukana.

"Kijana," akasema, "ulikuwa hatua tatu nyuma yangu. Mbona hukuniuliza?"

Vidole vile vilikuja kukatwa hospitalini. Buti zake nilikuwa nimemrudishia usiku ule, zikiwa bado na joto la miguu yangu.

Mwanangu, sikwambii usishuku. Mimi hata leo mgeni akinichekea sana naangalia mfuko wangu. Lakini shaka usiimeze ukaifanyia kazi kwa siri; itoe mdomoni, umwambie mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea miaka mingi.

Sasa inuka uende kwa jirani yule. Mpe shikamoo yake, kisha umuulize kijiti chake ni cha nini, kabla mkono wa mtu haujakigusa. Mungu akupe ulimi wa kuuliza mapema, na kila uendako, akuachie alama za kukurudisha nyumbani.