Wavu wa Chuma Kinenani Mwangu

Naitwa Maganga, mtu wa Didia. Nitawasimulia nikiwa na hasira, na msinitake nipoe.

Kabla ya kuugua nilisukuma matoroli ya mawe kwenye mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Nilikuwa na nguvu. Siku moja toroli lilikwama relini. Nikalisukuma kwa bega, nikahisi kitu kimeachia kinenani. Kukatokea uvimbe kama yai. Nikilala unaingia, nikisimama unatoka.

"Ngiri haiui mtu," msimamizi akasema. "Sukuma."

Nikasukuma mpaka uvimbe ukashuka kwenye korodani, nikawa natembea miguu imepanuka huku watu wa kambini wakinicheka.

Daktari wa mgodi, Mzungu, akanipasua bila kuniuliza neno. Nilipozinduka, msaidizi wake akanieleza kwamba tundu la ngiri limezibwa kwa wavu wa nyuzi za chuma. "Ni kitu kipya," alisema. "Utazikwa nao."

Kidonda kilifunga, nikarudi kazini. Baadaye kila nikiinama nachomwa kwa ndani. Kovu likawa jekundu, likapasuka, usaha ukatoka unanuka kama panya aliyeoza. Siku moja nikiufuta, ncha ya waya ikanikata kidole.

Mke wangu, Mama Kulwa, akaniegemeza nikikongoja hadi kwa daktari yule. Daktari akaziba pua.

"Wewe huogi. Wenzako wana wavu huohuo, hawalalamiki."

"Namwogesha mimi," Mama Kulwa akamjibu. "Uchafu hauoti waya. Sogea uone."

Hakusogea. Tulitolewa nje, na kazi nikaachishwa.

Tukadandia lori la pamba hadi hospitali nyingine, Shinyanga. Homa ilinitetemesha njia nzima. Daktari wa pale, Mhindi mmoja mzee, alibonyeza taratibu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wavu umekatika vipande," alisema. "Wengine unawakaa vizuri. Mwili wako umeukataa. Nitautoa."

"Na tundu?"

"Nitalishona kwa uzi wa nailoni. Miili mingi huuvumilia. Wako siwezi kukuapia."

Hakuna aliyekuwa ameniambia ukweli kabla yake. Nikakubali.

Vile vipande vilitoka vimeng'ang'ania nyama nyeusi. Mama Kulwa aliviomba, akavifunga kwenye pindo la kanga, akavirudisha mgodini na kuvimwaga mezani kwa daktari. Mzungu akaita askari wamtoe.

Usaha ulikauka, na ule uzi wa nailoni mwili wangu ukauvumilia. Maumivu yalikwisha polepole, nikajifunza kutembea nimenyooka. Sasa nalima pamba na karanga. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mzee, na mke wangu zaidi ya wote, maana wengine walishaanza kumwambia aniache.

Wewe unayepelekwa kupasuliwa, uliza wanaweka nini ndani yako, na kama kitakataliwa kitatolewaje. Kidonda kikinuka, usikubali kuitwa mchafu halafu ukanyamaza. Tafuta daktari mwingine ungali na nguvu za kupanda lori.

Kanisani wananiambia nimsamehe yule wa mgodini kwa kuwa nimepona. Nimepona kweli. Kumsamehe bado.