Risasi Alizochagua Orrin

Ardis Haugen hakuwa mwindaji kwa kupenda. Alikuwa mpishi wa shule ya hapa kwetu bonde la Lemhi, Idaho, na mimi nilipika naye jiko moja miaka mingi. Mwindaji alikuwa mumewe, Orrin, fundi wa trekta. Kila vuli alishuka mlimani na elki, yule kulungu mwenye ukubwa wa ng'ombe, na nyama hiyo ndiyo waliyokula mpaka theluji iyeyuke. Kisha Orrin akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanatoka mdomoni kwa kuvutwa.

Vuli ile ile Ardis akachukua bunduki ya mumewe. Ni ya mtindo wa zamani, unaikoki kwa kusukuma chini kishikio kinachozunguka vidole, na risasi zake hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Orrin mwenyewe alimchagulia risasi: nyepesi, laini, zenye teke dogo.

"Sitaki ikuvunje bega," alimwambia.

Ardis akampiga elki jike begani, kutoka karibu kabisa. Mnyama akayumba, akaingia msituni. Alifuata damu mpaka theluji ikaifunika. Aliporudi mikono mitupu, Orrin alicheka kwa upande mmoja wa uso. "Ulifumba macho, mama. Wapishi nyie!" Tangu siku hiyo kila mgeni aliyefika pale alisimuliwa habari ya mpishi aliyefumba macho. Ardis alikuwa akiinuka na kwenda kuosha vyombo.

Majira ya kuchipua mimi na Ardis tulikwenda kuokota pembe ambazo elki madume huzidondosha kila mwaka. Katika korongo chini ya pale alipofyatua tukakuta mifupa ya jike. Ardis akapiga magoti, akageuza mfupa wa bega. Risasi ilikuwa imegonga pale pale alipolenga, ikapasukia mfupani, vipande vyake vimetapakaa kama changarawe. Hakuna kilichofika kwenye mapafu.

"Usimwambie Orrin," akaniambia.

"Lakini anakucheka kila siku, Ardis."

"Acha acheke. Kuchagua risasi ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo."

Akanyamaza mpaka vuli iliyofuata. Siku hiyo nilikuwa kwao nikinywa kahawa, akaingia Dewey, mdogo wake Orrin, mtu wa kelele na moyo mzuri. Akamwaga mezani risasi alizozijaza baruti mwenyewe, vichwa vimechongoka kama penseli.

"Shemeji, hizi zinaruka mpaka bonde la pili! Safari hii hata ukifumba macho—"

Orrin alizifagia zote kwa mkono wake mzima, zikatawanyika sakafuni.

"Unataka kumuua? Kwenye bomba? Ncha ya... ya hii inakaa kwenye fataki, kitakoni mwa ile ya mbele! Bunduki ikipiga teke, inagonga. Inalipuka usoni mwake, mjinga wewe!"

"Basi, kaka, basi. Sikufikiri."

"Hufikirii kamwe. Mke wangu nimemchagulia mimi. Zile zile za mwaka jana. Tatizo halikuwa risasi."

Nilimtazama Ardis. Alikuwa ameshika kitambaa cha mezani kwa ngumi.

"Lilikuwa risasi," akasema.

"Nini?"

"Sikufumba macho, Orrin. Tuliikuta mifupa ya yule jike korongoni. Nilimpiga begani, na risasi ikavunjika kwenye mfupa. Zile zinafaa mnyama mdogo. Nilijua tangu majira ya kuchipua nikanyamaza."

Dewey alianza kuokota risasi zake sakafuni, moja moja, bila kuinua kichwa. Orrin alimkazia mkewe macho.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Sikusema hivyo."

"Ni mimi."

Ardis alinunua nyingine mwenyewe: nzito, kichwa bapa ili zisigongane vibaya bombani, za madini magumu yasiyopasuka ovyo. Akajaribu nyuma ya ghala. Zilipiga chini kidogo, akainua kile chuma cha kulengea, akafyatua tena mpaka akaridhika. Bega likawa la zambarau. Orrin aliangalia yote dirishani na hakutoka. Nyumbani mle walikuwa wakiongea habari za kuni na dawa tu. Jikoni shuleni Ardis aliniambia, "Nimemnyang'anya hata kazi ya kuchagua risasi."

Alipanda mlimani peke yake. Aliliacha jike la kwanza kwa sababu lilikuwa mbali, la pili kwa sababu lilisimama vibaya. La tatu lilijitokeza ukingoni mwa misonobari, ubavu wazi. Alifyatua mara moja. Elki akatembea kidogo kama asiyejali, akalala. Mimi na Dewey tulikwenda kusaidia kubeba, tukamkuta Ardis ameketi kwenye theluji kando ya mnyama, uso umelowa.

Tulipofikisha nyama ghalani, Orrin alikuwa keshakaa kwenye kiti, akitusubiri.

"Risasi ilitoka upande wa pili?"

"Ilitoka."

Akaomba mbavu za pande zote mbili ziletwe karibu. Akatia kidole kwenye tundu la kuingilia, kisha kwenye lile la kutokea.

"Yule wa mwaka jana," akauliza, "aliteseka muda gani?"

Ardis angeweza kumdanganya, na mimi nilitamani amdanganye.

"Sijui, Orrin."

Akatikisa kichwa taratibu. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile lililobaki na nguvu. Hakuomba msamaha, na Ardis hakumpa pole. Alimkabidhi kisu, yeye akaushika mguu wa mnyama usiteleze, na Orrin akaanza kukata kwa mkono wa kushoto, vibaya, vipande vikubwa visivyolingana. Dewey alitaka kumsaidia, nikamvuta shati, tukatoka nje.