Kazija, Karabai na Kitabu Kilichofungiwa Njugu

Kazija wa Mkunazini alisoma vitabu kama watu wengine wanavyokula haluwa: huanza kwa kusema ataonja tu, ukigeuka sahani nyeupe. Kazi yake ilikuwa kushona. Kitabu kilikaa kushoto, cherehani kulia, na siku moja hadithi ilipokolea akamshonea bwana harusi kanzu ya mikono mitatu. Bwana harusi akaivaa hivyo hivyo. Wasiojua kusema uongo wanaapa kwamba ule mkono wa tatu aliutia haluwa ya kumpelekea mkwewe.

Vitabu vya dukani vilikuwa na bei ya kumwogopesha mtu, basi yeye alivipata kwa Msabah, muuza njugu wa Darajani. Msabah alinunua vitabu chakavu kwa ratili, akachana karatasi moja moja na kuzisokota mfano wa pembe, akatilia njugu. Alianza kuchana nyuma, kwa sababu jalada la mbele lilimfaa kupepea moto. Kwa hivyo kila kitabu kilikuwa mbio baina ya macho ya Kazija na meno ya mji mzima.

Lakini mbio kubwa ilikuwa ya karabai.

Silima ndiye mume wa Kazija. Marehemu baba yake aliacha karabai moja, taa ya kugeuza usiku mchana. Ilikaa Jambiani kwa dada yake Silima, Sichana, naye mumewe Sichana, Mjaka, aliitaka akavulie dagaa. Kazija naye alisomea koroboi, na masizi yalimjaa puani hata akipiga chafya paka mweupe hugeuka mweusi. Siku ya Mwaka, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, mbele ya wanawake wote, mawifi wakaanzana.

"Karabai ni ya mwenye kazi nayo," alisema Sichana. "Mume wangu ana dagaa. Wewe una nini, wifi?"

"Nna vitabu."

"Vitabu! Vinaliwa kwa muhogo?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kazija akajifunga kanga kiunoni.

"Haya, nipe mpaka Mwaka ujao. Nitasoma vitabu kumi na viwili na kila kimoja nitakuhadithia. Nikimaliza, karabai yangu. Nikibakisha hata ukurasa mmoja, mpe Mjaka wako."

"Umesema mwenyewe. Mashahidi hawa."

Basi mwaka mzima, kila Sichana alipokuja mjini kuuza kamba zake za usumba wa makumbi ya nazi, alikaa karibu na cherehani akamhoji wifi yake kama kadhi. Kitabu cha kufuga kuku kiliwachukua asubuhi nzima. "Huyu aliyeandika," aliuliza Sichana, "kafuga kuku, au kawaona kwenye sahani tu?" Kitabu cha mbu kilimtisha, akarudi Jambiani akafukia vidimbwi vyote, na kisima cha jirani nusura kiende. Kile cha msafiri aliyepotea jangwani kilimliza, akanywa mtungi mzima wa maji kwa ajili ya yule maskini.

Kila mara alipoondoka alisema, "Hicho nimekukubalia. Lakini karabai bado naipangusa mimi." Na kila mara alirudi mapema kuliko ilivyohitaji biashara ya kamba.

Wiki ya Mwaka vilikuwa vimetimia kumi na moja. Kazija akampelekea wifi yake njugu, za kumlainisha, kwa mkono wa Silima, aliyeendesha gari la abiria la shamba. Kesho yake akachukua kwa Msabah kitabu cha kumi na mbili. Kilikuwa hadithi ya mfanyabiashara aliyekaa ugenini miaka mingi. Anarudi kwake usiku, anasikia ndani sauti ya mwanamume inazungumza na mkewe. Anatia mkono mlangoni, anasukuma, na...

Hakuna ukurasa.

Kazija alitoka na buibui kichwani, kiatu kimoja mguuni.

"Msabah! Mwisho uko wapi?"

"Mwisho wa nini, Bi Kazija?"

"Wa kitabu!"

"Aa. Juzi karatasi zilinishia, nikachana moja tu, ya nyuma kabisa. Nikajua hutoikosa."

"Umemuuzia nani?"

"Watu wenye njaa."

Kazija akaupitia mji. Alichungulia kila njugu iliyofungwa, na wenye njugu wakikataa kuzimwaga alizinunua akazila mwenyewe. Ilipofika Ijumaa alikuwa amejaa njugu hata akicheka zinagongana ndani kama za guniani. Akapata bei za karafuu, nusu ya dua na picha ya ngamia. Mwisho hakuupata.

Siku ya Mwaka ikafika. Makunduchi wanaume walishapigana migomba kama desturi ya siku ile, kibanda cha makuti kilishachomwa, na wanawake wamekaa na vyakula vyao. Sichana amekuja na karabai, kaisugua mpaka mtu angeweza kutilia wanja mbele yake.

"Haya, wifi. Cha mwisho."

Kazija akahadithia. Wanawake wakasahau vyungu. Alipofika mlangoni akanyamaza. Akaitazama karabai. Akazitazama shingo zilizorefuka kama za bata.

"Mwanamume gani huyo ndani?" Sichana alimvuta kanga. "Sema, utaniua!"

"Akasukuma mlango," alisema Kazija polepole, "akamkuta mkewe peke yake. Na kasuku. Bibi yule alimfundisha kasuku kusema kwa sauti ya mumewe, wezi waogope, na yeye asiisahau. Kasuku akamtazama bwana akamwambia: 'Wewe nani? Mwenye nyumba nipo!'"

Vicheko vilivuka mpaka kwa wanaume. Sichana akajifuta machozi, akamkabidhi karabai kwa mikono miwili, kisha akatoa njugu zilizobaki katika zile alizoletewa, akazimwaga kwenye kawa ya kufunikia chakula. Karatasi ikafunguka. Kazija akaona neno "mlango".

Mtu mwingine angeikalia. Kazija hakuwa na mdomo wa kuona maandishi ukanyamaza, akasoma kwa sauti:

"'...mlango, akamkuta mjomba wake amekuja kuwatembelea. Wakasalimiana. Wakala. Wakalala. Mwisho.'"

"Kasuku hayumo?" aliuliza Sichana.

"Hayumo."

"Kumbe ulikuwa hujamaliza!"

"Nilikuwa sijamaliza. Sasa nshamaliza, na Mwaka haujesha."

Mjaka, aliyekuwa karibu, akaruka na mgomba mkononi. "Karabai yangu hiyo! Na dagaa wangu je?"

Sichana alimpokonya mgomba akamchapa nao mgongoni. Siku ile ruhusa. "Dagaa wamfuate mjomba wakale, wakalale! Karabai ya mwenye kasuku."

Kazija akarudi mjini kakumbatia taa kama mtoto mchanga. Msabah, kwa kusikia aibu yake inazungumzwa mpaka Jambiani, akaapa hachani tena mwisho wa kitabu cha Bi Kazija. Tangu hapo akawa anachana mbele.

Kitabu cha kumi na tatu kilianza katikati ya ugomvi, na hakuna ajuaye wanagombania nini.

"Usijisumbue kuutafuta," alisema Sichana, akavuta mkeka karibu na karabai. "Mwanzo niachie mimi."