Siku Wimbo Wetu Ulipolihamisha Soko la Mpondwe

Sogea hapa unisikilize, wewe wa rika langu uliyewahi kukaza utepe wa kaseti kwa kalamu. Na kama wewe ni kijana, kaa pia. Nitaeleza kila kitu polepole, pamoja na kaseti ni nini.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, nilikuwa nusu ya kundi la muziki wa roki pale Bwera. Nusu ya pili alikuwa Kambale, jirani yetu, mtoto wa muuza mitumba aliyehamia kwetu kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka. Kwetu jina hilo ni Bwambale, na wazee walibishana miaka yote ni upande upi wa mto unaolitamka vibaya. Kundi letu liliitwa Wawili Tu. Usidhani tulikaa tukalifikiria sana jina hilo. Tuliwaomba wenzetu kumi na mmoja wa darasani wajiunge nasi, na wote wakakumbuka kwamba wana kazi nyumbani.

Roki tuliitoa wapi? Swali zuri. Siku moja Papa Kambale, baba yake rafiki yangu, alifungua furushi la makoti, na ndani ya mfuko wa koti moja la ngozi tukakuta kaseti, yaani kile kijisanduku chenye utepe wa kunasia sauti, isiyo na karatasi wala jina. Kwa sikio tulihesabu watu wawili: mmoja wa gitaa, mmoja wa ngoma, na wote wawili wamekasirika. Mpaka leo sijui walikuwa nani. Tuliisikiliza hadi utepe ukaanza kulia kama mbuzi. Enzi zile kila nyumba Bwera ilipiga rumba kutoka ng'ambo au nyimbo za kanisani, na sisi tukaona tumegundua kitu ambacho dunia nzima ilikuwa imetuficha.

Gitaa lilikuwepo, ila halikuwa letu. Lilikuwa la kwaya ya parokia kule Beni, alikoishi mdogo wake Papa Kambale. Lilivushwa mpakani ili lije kutengenezwa kwa fundi redio wa Bwera, likatengenezwa, kisha likasahaulika nyumbani kwao Kambale. Kila barua kutoka Beni iliuliza habari zake. Kambale alilala nalo kitanda kimoja. Tulilipiga kupitia spika ya redio kuukuu iliyounganishwa na betri ya gari, na spika yenyewe ilikuwa imechanika, kwa hiyo kila noti ilitoka ikikwaruza kama mtu anayekokota bati barabarani. Kwa asiyejua, hilo ndilo roki inalolitaka. Fundi redio hakujua. Alitusikia mara moja, akatuonea huruma, akaichukua spika akaiziba kwa gundi bila kutudai chochote. Tulimwambia wasingya, tukamshukuru tena kwa Kiswahili, tukarudi nyumbani tukaitoboa upya kwa mwiba.

Ngoma zilikuwa zangu, yaani jerikani tatu za mama na debe moja la mafuta ya kupikia. Nilizipiga kwenye ghala la unga wa muhogo baada ya kuteka maji, na unga ulipanda hewani nikatoka mweupe kama aliyefufuka. Mama alisimama mlangoni na mwiko wa bundu, ugali wetu wa muhogo, mkononi. "Biira, hiyo jerikani ukiipasua utateka maji kwa mdomo." Kisha alirudi jikoni kwenye sombe yake ya majani ya muhogo, na mimi nikaendelea, kwa sababu hakuwa amesema niache.

Tulirekodi wimbo wetu wa kwanza humo ghalani, kwenye redio yenye kitufe chekundu, tukiwa tumejifunika blanketi ili sauti isitoroke. Jogoo aliimba katikati. Tukamwacha. Tuliomba lifti kwenye lori la chumvi lililotoka Katwe, tukaenda hadi Kasese mjini kumsikilizisha mtu mmoja wa redio. Alisikiliza kwa muda wa kunywa mafunda mawili ya chai, akatuambia kwa upole tuisafishe kaseti kwanza, ndipo turudi na muziki. Kambale hakusema neno njia nzima ya kurudi. Mimi nilisema maneno ya wote wawili.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kiliponing'inia. Barua nyingine ilikuja kutoka Beni, kali kuliko zote, na Papa Kambale akatuita.

"Batoto, kwaya inalia gitare yake. Minafanya hivi," akasema. "Siku ya soko, Masereka atapiga ile kaseti yenu. Batu bakiipenda, nitaandikia mudogo wangu, gitare ibakie hapa. Bakiikataa, siku ya posho inarudia Beni."

Siku ya posho kwao ni Jumamosi. Masereka naye alikuwa mwenye kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo pale soko la Mpondwe, chini kabisa, karibu na Mto Lhubiriha. Kilitangaza misiba, mbuzi waliopotea na dawa za minyoo, na sauti yake ilifika nyumba za mbali kando ya mto. Tuliona bahati imetuangukia.

Siku mbili kabla ya soko nikapata wazo. Wazo lilikuwa langu, Kambale asilaumiwe. Nilisema wimbo uanze na ngoma peke yake, dakika nzima, haraka haraka, bila kupumzika, ndipo gitaa liingie. Tukarekodi upya, na jogoo akaimba tena. Nilipotafuta mdundo wa haraka, mikono ilinipa mmoja papo hapo, kana kwamba ulikuwa umekaa ndani yake tangu kuzaliwa. Nikajiona nina kipaji.

Siku ya soko milima ilikuwa imejifunika mawingu meusi tangu asubuhi. Chini hakukuwa na tone. Wauza ndizi walikuwa wamepanga mikungu, Papa Kambale ametandaza makoti, na mama mmoja wa Katwe ameketi mbele ya magunia yake ya chumvi. Mimi na Kambale tulijibanza chini ya nguzo, tumevaa makoti ya mitumba yaliyotufika magotini. Masereka akakohoa kwenye kipaza sauti. "Sasa mtasikia kitu cha watoto wetu," akasema, lakini muuza kuku mmoja alikuwa anagombana na mteja, na sidhani kama kuna aliyemsikia. Akabonyeza.

Jerikani zangu zikalia juu ya soko zima.

Lazima nisimame nikueleze jambo, hasa kama hukukulia kwetu. Mvua ikinyesha huko juu mlimani, mto unaweza kufurika huku chini jua linawaka. Kwa hiyo watu wa juu wakiona maji yanakuja, hupiga jerikani na madebe, haraka haraka, bila kupumzika. Wa nyumba inayofuata akisikia haulizi. Anachukua jerikani yake anapiga, na wa chini yake vilevile, hadi onyo linayapita maji mbio. Kila mtoto wa bondeni huujua mdundo huo kabla hajajua kutembea. Ndio niliourekodi.

Mama wa Katwe ndiye aliyesimama wa kwanza. Kisha soko lote likasimama. Sijawahi kuona watu wakienda kwa haraka na kwa mpangilio kama ule. Mikungu ikapanda vichwani, watoto migongoni, mbuzi wakakatwa kamba, na wote wakaupanda mlima wa Bwera. Vijana wawili wakanyakua chumvi ya yule mama bila kuombwa, maana kila mtu anajua maji yanaifanya nini chumvi. Na huko chini ya mto, nyumba ya kwanza ikaitikia kwa jerikani. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Wanamuziki wa leo wanatafuta watu wa kuusambaza wimbo. Wetu ulipigwa bonde zima na watu ambao hawajausikia.

Dakika ikaisha. Gitaa likaingia likikwaruza, jogoo akaimba, na Masereka, ambaye naye alikuwa amekimbia, hakuwepo kuizima kaseti. Soko lote lilisimama kilimani likisikiliza wimbo wetu hadi mwisho, kwa sababu halikuwa na pa kwenda.

"Mto unafanya nini?" mzee mmoja akauliza.

"Sio mto," Papa Kambale akajibu, akikumbatia makoti. "Iko mutoto yangu."

Afande mmoja, askari wa kambi ya mpakani, alikuwa amepanda mbio akihema. "Nani alipiga alamu? Simama mbele!"

Tukasimama mbele, ndani ya makoti yetu.

"Ni muziki, afande," nikasema.

"Muziki? Muziki gani inafukuza watu?"

"Ni roki, afande."

Akanielekezea kidole. "Hii roki," akasema, "hapana leta tena."

Watu wengine walianza kucheka, lakini mama yangu hakucheka. Alizaliwa Ibanda, kando ya Mto Mubuku, na akiwa msichana alilipiga debe la onyo mara zaidi ya moja kwa sababu za kweli. Alinivuta pembeni. Nilingojea kofi. "Sikasirikii kelele," akasema taratibu. "Lakini kesho kutwa mtoto wa mtu atasikia jerikani, atasema ni Biira anacheza, na atabaki amekaa." Kofi lingekuwa rahisi zaidi.

Mwenyekiti wa kijiji alitoa hukumu hapohapo kilimani. Mimi na Kambale tutapita kila nyumba iliyoitikia jerikani, tuombe radhi, na tuwaeleze watu tofauti ya onyo na wimbo wetu hadi mtu wa mwisho aelewe. Papa Kambale akaongeza lake: gitaa linaondoka siku ya posho. Tulikuwa na siku tatu.

Kueleza tofauti bila kupiga haikuwezekana, kwa hiyo tulitoka na vyombo vyote. Kambale gitaa na spika, mimi jerikani kichwani, na betri tunaibeba kwa zamu tukiilaani. Tatizo likaonekana nyumba ya kwanza tu: mimi mwenyewe sikuwa na tofauti ya kuonyesha. Bibi mwenye nyumba alinisikiliza, akasema, "Hiyo bado ni maji." Nikapunguza kasi. "Hayo ni maji ya jana." Nikakaa kitako jioni ile ghalani, nikafikiri kwa mara ya kwanza kuhusu nilichokuwa nikikipiga. Onyo halipumziki kamwe, kwa kuwa anayelipiga anaogopa. Basi sisi tungenyamaza. Tukakubaliana kwamba baada ya kila mapigo manane tutakata ghafla, wote wawili, kimya kabisa, tuhesabu moja mbili tatu nne, ndipo tuanguke ndani tena kwa nguvu zetu zote.

Kesho yake kile kimya ndicho kilichotuokoa. Watoto walizuia pumzi kukingojea. Wakubwa walijifanya hawakingojei. Katika nyumba moja walitukalisha, wakatupa maharage na muhogo, wakasema hawajaelewa tofauti, turudie. Tulirudia mara nne. Nyumba iliyofuata ilikuwa imeshapata habari, na wao pia hawakuelewa kabisa, hata kidogo. Bonde zima lilipatwa na ugumu wa kuelewa ambao sijauona tena hadi nilipoanza kufundisha hesabu.

Jumamosi zilikuwa zimebaki nyumba mbili. Tulikuwa katikati ya wimbo tulipomwona Papa Kambale akija kwa njia ya mtoni, amebeba mfuko wa turubai wa kulifungia gitaa. Kambale alipiga bila kunyanyua macho. Tulipofika kwenye kimya, nilimsikia mtu nyuma yangu akihesabu kwa pumzi, moja, mbili, tatu, nne. Alikuwa baba yake. Wimbo ukaisha. Papa Kambale aliutazama mfuko, akaukunja, akauweka kwapani. Kisha akainama, akainyanyua ile betri begani.

"Nyumba ya mwisho iko wapi?" akauliza.

Gitaa lilibaki Bwera miaka sita kabla ya kurudi Beni. Sijui Papa aliwaandikia nini watu wa Beni. Wawili Tu haikuwa na meneja, wala mfadhili, wala nyimbo zaidi ya tisa, na siku hizi Kambale anauza sola huko Butembo na kupiga gitaa hilohilo kwaya ya Beni ikimruhusu, yaani kwa ustaarabu, bila kukwaruza. Tukizungumza kwa simu, tukipungukiwa maneno, tunahesabu hadi nne kisha tunacheka.

Binti yangu Masika na mwenzake nao wana kundi lao sasa. Hawana betri ya kubeba. Wanarekodi kwenye simu wakiwa kitandani, wanautuma wimbo, kisha wanakaa kuitazama simu kama kuku anayeatamia. Wiki iliyopita aliniletea wa kwanza. Nikasikiliza kidogo nikiwa nasahihisha madaftari, nikamwambia, "Mzuri sana, mama." Akashukuru, akaondoka, na kwa jinsi mlango ulivyofungwa nikajua kwamba amejua sikusikiliza. Enzi zetu wasikilizaji walikimbia mbele ya macho yetu, lakini baadaye walitufungulia milango, wakatuambia mahali wimbo unapowaumiza. Yeye amepata neno zuri kutoka kwa mtu ambaye hakumsikia. Jana nilimwomba msamaha, nikamwita arudi na simu yake. Wimbo una kasoro, nimemwonyesha, na tumebishana hadi chakula kikapoa.

Basi mtoto wako akikuletea wimbo wake wa kwanza, acha unachokifanya, keti, usikilize mpaka sauti ya mwisho, halafu mtajie mahali pamoja ulipopapenda na mahali pamoja palipokukera.