Mikono Mitupu ya Papa

Harufu ya isambaza, dagaa wa ziwa letu, inapopanda kutoka kwenye karai la mafuta, mimi huomba uma. Wenzangu mezani hunicheka, maana hapa Gisenyi samaki hao huliwa kwa vidole.

Papa, baba yangu, naye aliwala kwa uma. Kazi yake ilikuwa mazingaombwe ya mezani: alizunguka hoteli za kando ya ziwa akipoteza karata na sarafu mbele ya macho ya wageni. Alisema mafuta ya vidoleni huharibu karata. Hata tukitembea barabarani alikuwa na sarafu kiganjani, akijizoeza kuificha. Sikuwahi kushika mkono wake ukiwa mtupu.

Isipokuwa asubuhi ile ya mwisho kumwona. Mimi na mama tulimsindikiza mpakani, avuke kwenda kutafuta kazi Goma. Akachuchumaa mbele yangu, akaninyooshea viganja vyote viwili.

"Shika, mutoto yangu," alisema. "Leo hamuna kitu."

Nilimjua mno, sikumwamini. Nikapekua mikono ya shati lake, nikachungulia nyuma ya masikio, nikavigeuza viganja vile vikavu vilivyonukia sabuni.

"Umeficha wapi, papa?" niliuliza huku nikicheka.

"Hakuna, kweli. Shika tu."

Nilikuwa bado natafuta, foleni ya kuvuka iliposogea na mama akanivuta pembeni. Papa alivuka akitupungia mkono mmoja. Mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye ule mwingine.