Dari Zilizokuwa Chini ya Meza

Mama yake alimwita Kiguu na Njia tangu alipoanza kutambaa, na jina likamganda. Akajifunza kushona, akaacha gauni la watu lina mkono mmoja. Akaenda kuandika mabango ya maduka. Liko duka mpaka leo linatangaza "Vifaa vya Ujen", maana herufi mbili za mwisho hakurudi kuzimalizia. Ualimu aliuingia kama mtu anayepita tu, na ajabu ni kwamba alikaa miaka sita. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, hakuamini.

"Huko shuleni wamekufunga kamba?"

"Kuna Alhamisi, dada."

Alhamisi kipindi cha mwisho darasa la tatu walikuwa na sanaa, nusu saa tu. Aliwasimulia watoto habari za wachoraji wa kale, kisha akawaachia wajaribu wenyewe. Waliposikia habari za watu wa mapangoni waliopulizia rangi kuzunguka viganja vyao ukutani, walipuliza maji ya mkaa mpaka wakarudi nyumbani na meno meusi. Siku ya picha za vipande aliwaomba walete vyombo vilivyovunjika. Wasiokuwa navyo wakavivunja vizima. Asubuhi yake akina mama watano walikuwa getini, na mmoja alishika mfuniko wa birika lisilokuwepo tena.

Tangu siku hiyo Mwalimu Mkuu alimtazama kwa jicho la pembeni. Hakuwa mtu mbaya, ila aliamini mtoto akijua hesabu mengine yatajileta.

Alhamisi moja aliingia darasani ameshika ratiba mpya, akakuta viti vitupu. Hakuna mtoto hata mmoja. Kiguu na Njia alikuwa akizunguka katikati ya meza na kikopo cha rangi, hajatulia hata kidogo.

"Mwalimu, watoto wako wapi?"

"Wako darini, Mwalimu Mkuu."

Ndipo alipoona nyayo. Watoto thelathini na mbili wamelala chali, kila mmoja na karatasi iliyogandishwa kwa gundi upande wa chini wa meza yake, wakichora huku wakitazama juu. Kipindi kilipoanza walisimuliwa habari za fundi wa zamani aliyechora dari ya kanisa kwa miaka minne, shingo imepinda, rangi ikimdondokea usoni. Sasa ilikuwa ikiwadondokea wao, nao wanacheka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" walikuwa wakiimba.

Mkuu hakuinama. "Kuanzia wiki ijayo kipindi hiki ni cha hesabu. Nitafundisha mwenyewe. Na hizo karatasi uzibandue."

Kengele ikalia. Watoto wakatoka na nyuso za buluu. Akabaki msichana wa meza ya mwisho, yule anayefanya kila kitu polepole.

"Mwalimu, ndege wangu hana bawa moja."

"Utamalizia," akamjibu.

Neno lile lilimchoma. "Nitamalizia" ndivyo alivyomwambia mwenye gauni, ndivyo alivyomwambia mwenye duka. Akaanza kubandua karatasi ya kwanza, mkono ukakataa. Akazima taa akaondoka.

Nyumbani aliandika barua ya kuacha kazi, amesimama.

"Umeanza tena," dada yake akasema.

"Sijaanza, namaliza."

"Wewe? Umalize?" Dada akacheka, kisha akaona macho ya mdogo wake, akamsogezea kiti. Hakukikalia.

Alhamisi iliyofuata alikuwa katika ofisi ya walimu, barua mfukoni, akimsubiri Mkuu atoke darasani ampe. Alitembea kutoka kabati mpaka dirishani, dirishani mpaka kabati. Ukuta ulikuwa mwembamba, akasikia darasa zima likiimba jedwali la saba. Kisha, ta! Penseli imeanguka.

"Okota," ilisema sauti ya Mkuu.

Ta! Nyingine. Halafu mbili kwa pamoja.

"Nyie watoto leo mmepaka mafuta mikononi? Saba mara nane?"

"Hamsini na sita!" Ta! Ta! Ta!

Kiguu na Njia akaziba mdomo. Alitaka kucheka, na papo hapo akaogopa. Karatasi zilikuwa bado huko chini.

"Basi! Mikono mezani, wote. Hii nitaiokota mwenyewe."

Kiti kikakwaruza sakafu. Kisha kimya, kimya kirefu kuliko cha kuokota penseli. Hata yeye, kwa mara ya kwanza siku ile, alisimama mahali pamoja.

Kengele ilipolia Mkuu aliingia ofisini, suruali ina vumbi magotini.

"Nilikwambia uzibandue."

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Mbona hukuzibandua?"

Barua ilikuwa pale pale mfukoni, vidole vimeishika. "Hazijakwisha," akasema.

Mkuu alijipangusa goti moja, akalisahau la pili. "Kuna ndege pale nyuma hana bawa."

"Najua. Nilimwahidi atamalizia."

"Lini?"

Wateja wake wote walikuwa wakimuuliza hivyo hivyo, na siku zote alikuwa na mlango wa kutokea. "Alhamisi," akasema.

Mkuu akaitazama ratiba ukutani kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. "Dakika kumi na tano," akasema. "Zilizobaki ni za jedwali la nane."

Alhamisi iliyofuata watoto walitambaa wakaingia chini ya meza zao. Kitambaa cha kufutia brashi hakikuonekana. Kiguu na Njia akapapasa mfukoni, akatoa ile barua, akaichana na kumpa msichana wa meza ya mwisho kipande.

"Mwalimu, njoo uone," msichana akasema.

Akalala chali kando yake, kichwa chini ya meza, miguu nje. Rangi ikamdondokea shavuni, wala hakuifuta. Hakuondoka pale mpaka bawa lilipokwisha.